Uso Kwenye Karatasi ya Baba

Shuleni, upande wa Kisumu
13 Februari 1949

Kwako shemeji Bonareri,

Pokea salamu tele, wewe na mtoto Nyanchera, na kaka Okemwa akirudi kutoka mashamba ya chai mpe zake. Mimi ni mzima, ila maharage ya hapa yanaletwa mezani pamoja na wadudu wake. Mguu wa baba vipi? Mvua imeanza huko Birongo?

Kama kawaida nimeandika karatasi mbili. Ile yenye jina la baba msomee pale nje anapokaa na baba mdogo Machogu. Hii ni yako peke yako. Siku niliyoondoka uliniambia walikutoa shule darasa la nne kabla hujashiba, na nikijifunza kitu nikugawie. Haya, fungua mdomo nikulishe.

Juma lililopita tulitazama tone la maji ya kidimbwi kwa darubini ya vitu vidogo. Shemeji! Mle ndani kuna soko. Viumbe wanapishana, wanagongana, wengine wanakula wenzao, na yote hayo ndani ya tone ambalo lingekauka kwenye kucha yako. Nilitoka nje nikakaa kwenye nyasi mpaka kengele ikalia mara ya pili. Nimewaandikia hayo na wazee pia, nione watasemaje.

Halafu kuna jambo linanisumbua. Mbona haya yote nayaandika kwa Kiswahili kwa raha, na nikitaka kuyasema kwa Kigusii ulimi unakuwa mzito? Si kwamba lugha yetu ina upungufu. Maneno yapo, lakini kila neno lina wenyewe: hili halisemwi mbele ya baba, hili halitamkwi na mkamwana, lile ni la wazee tu. Kiswahili tulikutana nacho shuleni, hakina shangazi wala mjomba. Juzi mwalimu ametaja viungo vyote vya mwili wa mtu, vyote nakuambia, na tukaandika bila kucheka. Ingekuwa kwa Kigusii tungetokea dirishani.

Ni mimi shemeji yako mdogo,
Manasseh

Birongo
8 Machi 1949

Shemeji Manasseh,

Salamu zimefika na tumezipokea kwa mikono miwili. Sisi tuko salama. Nyanchera ameota jino la nyuma na anauma kila mtu. Mguu wa baba umepungua uvimbe.

Mtundu wee! Wale wadudu wa majini ulikuwa na haja gani ya kumwandikia baba? Siku tatu hakugusa maji. Alikunywa maziwa ya kibuyu tu, na baba mdogo Machogu akawa anamchokoza kwamba hata maziwa yana wenyewe humo ndani. Sasa amerudia maji, lakini kwanza anayatazama sana. Mimi nami siku hizi nikijitwika mtungi najua nimebeba umati.

Wanalalamika kwamba nasoma polepole. Hawajui kazi yake. Nachukua mstari wako wa Kiswahili, naupika kichwani, nawapakulia kwa Kigusii, na wao wanataka kiive upesi. Nikimaliza baba ananyoosha mkono apewe karatasi. Anaishika, anaigeuza huku na huku, halafu ananirudishia. Nadhani anatafuta mkono wako.

Uliposema mnafundishwa kuchora alicheka mpaka akakohoa. Eti kuchora ni kazi ya wasichana wakipaka ukuta wa nyumba. Lakini akasema, "Mwambie atume tuuone huo usomi." Basi tuma. Na mimi nataka kuona.

Shemeji yako,
Bonareri

Shuleni
3 Aprili 1949

Kwako shemeji,

Natumaini barua hii itawakuta nyote mkiwa na nguvu, na jino la Nyanchera limetulia. Mimi sijambo, na nina furaha mpaka naona haya.

Mwalimu wetu wa kuchora ana sanamu ya chokaa, mwanamume mzima kama alivyozaliwa, hana hata uzi. Kichwa kilivunjika melini. Mwalimu anasema huwezi kumchora mtu aliyevaa mpaka umjue asiyevaa, jinsi mfupa unavyobeba nyama na nyama inavyouficha mfupa. Goti peke yake limenila siku tisa. Nilikuwa nikidhani nalijua goti!

Nikajiuliza, kumbe sayansi na uchoraji ni kazi moja? Yule wa darubini anasema tazama, na huyu wa penseli anasema tazama tena. Tofauti ni kwamba wa pili anakulazimisha umpende unayemtazama, la sivyo mkono haukubali.

Mwishoni mwalimu akasema mtu hawezi kukaa bila uso, kila mmoja atafute wake. Thadeus, ninayelala naye kitanda jirani, aliweka wa mfalme wa kwenye shilingi. Mimi niliweka wangu niliouchagua, na sikuambii ni wa nani, utauona mwenyewe. Mwalimu aliichukua akaenda kuwaonyesha wenzake.

Nimeikunja ndani ya karatasi ya baba. Si ndiye aliyeiomba?

Shemeji yako mwenye vidole vyeusi,
Manasseh

Birongo
26 Aprili 1949

Shemeji,

Leo sina salamu za kuzunguka. Tu wazima, na si wazima.

Barua yako ilitoka dukani kwa Shariff mjini Kisii siku ya soko. Baba na baba mdogo Machogu walikuwa kwenye vigoda vyao kando ya ghala. Nikapiga magoti, nikafungua karatasi ya baba, nikaanza na salamu. Ndani palikuwa na karatasi nyingine nzito. Nikaikunjua.

Nilimwona baba mkwe wangu, Manasseh. Pua yake. Kovu la juu ya jicho. Sikio lililotobolewa enzi za ujana wake likaning'inia. Na chini ya hapo mwili wote, mpaka pale nisipoweza kupaandika hata kwa hicho Kiswahili chako kisicho na shangazi. Baba akanyoosha mkono apewe karatasi, kama siku zote. Niliikumbatia kifuani nikakimbia.

Shangazi Nyangate alinikuta jikoni bado nimeikumbatia. Nikamwambia. Aliichukua kwa vijiti viwili akaitia motoni bila kuifunua. Kwa hiyo hapa nyumbani aliyeiona ni mimi tu.

Sina haja ya kukufundisha chinsoni, haya za mzazi na mkwe, maana umezaliwa nazo. Mkamwana haoni hata paja la baba mkwe wake, na akiona, nyumba nzima ina doa mpaka itakaswe. Shangazi amewaambia wazee, nao wamekaa mara mbili. Wengine wanasema karatasi si mwili, aliyeona picha hakuona mtu. Baba mdogo anasema jicho halijui hiyo tofauti. Mimi mwenyewe sijui, na ningependa tuzungumze hayo siku nyingine nikiwa na amani. Kwa sasa siruhusiwi kumpelekea baba chakula. Anapikiwa na shangazi, naye chumvi anatia mara mbili.

Wamekubaliana hivi: mwenye mkono aseme uso ni wa nani. Ukiwa wa baba, kosa ni la mchoraji. Utakuja, atachinjwa mbuzi, wazee watasema maneno yao, yatakwisha. Andika ukweli tu. Nitakayesoma ni mimi, kama unavyojua hakuna mwingine.

Nikuambie na la kwangu la aibu, kwa sababu linanichoma. Sikuondoa macho upesi. Ilikuwa nzuri. Sijawahi kuona mtu ametazamwa namna ile.

Shemeji yako,
Bonareri

Shuleni
11 Mei 1949

Kwako shemeji mpendwa,

Salamu, na pole, na pole tena.

Nimefikiri sana. Karatasi ya wazee nimeiandika hivi, na nakuomba uisome kama ilivyo: "Wazee wangu, picha ile ni ya sanamu ya Ulaya. Uso ni wa mtu yeyote tu. Haumhusu baba."

Najua, najua. Usinikasirikie kabla hujanisikiliza. Kama uso si wa baba, basi hakuna aliyemwona baba. Kama hakuna aliyemwona, kosa halipo. Wewe huru, mimi huru, mbuzi naye mzima. Ni hesabu nyepesi. Nikikiri, baba atasema shule imenitia wazimu na atanirudisha kulima, na mtihani wangu ni mwezi wa Novemba. Tena ruhusa ya kuja sasa hawatoi.

Uvumilie kidogo, yatapoa.

Shemeji yako,
Manasseh

Nyaramba
20 Juni 1949

Manasseh,

Usishangae mahali ninapoandikia. Niko kwetu, kwa mama yangu, hili ni juma la tatu. Afya yangu ipo. Nyanchera amebaki Birongo, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wenu.

Nilisoma karatasi yako mbele ya wazee saba. Ningeweza kuibadilisha. Nani angejua? Maneno yanatoka machoni mwangu kwenda mdomoni mwangu, na njiani hakuna askari. Nilifika pale "haumhusu baba" nikainua macho, shangazi akakohoa, nikaisoma kama ulivyoandika. Niliona vibaya kuanza kudanganya kwa sababu wewe umeanza.

Kisha baba mdogo Machogu akaniuliza, tena kwa upole: "Kama uso ni wa mtu yeyote, wewe mwanamke, ni nini kilikufanya umwone mzee?"

Hiyo ndiyo hesabu yako nyepesi. Mchoraji amesema si baba, mimi nimesema ni baba, basi baba alikuwa kichwani mwangu tangu zamani, uchi. Mmoja aliinuka akatema mate. Baba alitazama chini tu. Okemwa aliitwa kutoka Kericho, akanisindikiza mpaka mtoni, akanipa kifurushi changu. Hakuuliza kitu. Nilitamani aulize.

Nasikia Nyanchera analia jioni, halafu ananyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kunaniumiza zaidi.

Bonareri

Shuleni
2 Julai 1949

Shemeji,

Sijui nikusalimie kwa mdomo gani.

Uso ulikuwa wa baba. Naandika hapa na nimeandika kwenye karatasi ya wazee, kwa herufi kubwa. Mwalimu aliponiuliza, "Huyu ni nani?" nilijibu kwa majivuno, "Baba yangu mzazi, Onchiri." Sikuteleza. Nilijua. Kwenye bahasha nilijua vilevile ni nani hufungua barua za baba. Nilitaka asifie mkono wangu, na wewe usifie, na hamu hiyo ikanifunika macho. Au tuseme niliyafunika mwenyewe.

Najidai mtu wa kuuliza maswali. Nimeuliza kwa nini maji yana viumbe na kwa nini lugha ina haya. Sikuuliza hata mara moja nani atalipa nikikosea. Hapa darasani ukikosea unafuta. Nilidhani na Birongo mambo yanafutika.

Usiku na mchana nakuona umepiga magoti mbele ya wale wazee na uongo wangu mkononi. Ile ya wazee nimeituma Birongo. Wakisikia watakurudisha kesho yake.

Ni mimi mkosaji,
Manasseh

Nyaramba
14 Agosti 1949

Manasseh,

Nimepata zote mbili, yangu na ya wazee. Ya wazee ilifika Birongo kwanza. Walihangaika nayo juma zima. Kwa Shariff hawakutaka, maana mambo ya nyumbani hayasomwi dukani. Mwisho baba mdogo Machogu na Okemwa walitembea mpaka huku kwetu, wakakaa chini ya paa la mama, wakanipa bahasha. Ilikuwa bado imefungwa.

Niliisoma yote. "Uso ulikuwa wa baba, kosa ni langu, Bonareri hana hatia."

Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, umesoma vizuri sana." Akaichukua karatasi, akaigeuza, akamtazama Okemwa, wakaaga. Walikwenda bila hata kunywa uji.

Umeelewa? Niliposoma maneno ya kunihukumu waliniamini papo hapo. Nikisoma ya kuniachilia, nimeyatunga. Siwalaumu sana. Nani angemwamini msomaji anayejisomea msamaha wake?

Ukiandika nyingine, nitakayeletewa ni mimi tena. Andika hata kumi. Kuna kitu kimoja tu ambacho si mimi wa kukisoma, nacho ni mdomo wako. Kama unakuja, njoo. Kama mtihani ni mkubwa kuliko huku, niambie hivyo waziwazi nijue namna ya kupanga maisha yangu.

Bonareri

Birongo
11 Septemba 1949

Kwako shemeji Bonareri,

Salamu kutoka nyumbani. Barua hii anakuletea Okemwa mkononi. Nimemwomba akupe kisha asimame mbali mpaka umalize.

Niliomba ruhusa nikanyimwa. Nikaondoka hivyohivyo, kwa lori la mahindi mpaka Kisii, kutoka pale kwa miguu. Thadeus ameniandikia kwamba jina langu limekatwa kwenye orodha ya mtihani. Silalamiki, nakueleza tu usije ukasikia kwa wengine.

Nilikuwa nimejipangia hotuba yenye hoja. Nilipomwona baba kwenye kigoda chake, hoja zote zilipotea. Kwa Kiswahili yangetoka, lakini baba hasikii Kiswahili. Kwa Kigusii yale maneno hayatamkwi na mtoto mbele ya mzazi wake, nami nikasimama pale kama mbuzi aliyefungwa. Baba mdogo Machogu alinihurumia. Akanivuta nyuma ya ghala, nikamwambia yeye sikioni, naye akaenda kumwambia baba, akarudi na swali, nikajibu, akaenda tena. Mzee yule na umri wake alizunguka ghala mara sita. Mara ya mwisho alirudi analia. Alisema, "Yule binti alitusomea kweli siku zote mbili." Alisema hivyo, nimemsikia kwa masikio yangu.

Baba hakuniita. Aliagiza mbuzi. Jana amechinjwa, wazee wamefanya yao, mimi nimenyunyiziwa na mlango wako umenyunyiziwa. Leo asubuhi nilimsikia akimwambia shangazi, "Mkamwana wangu arudi. Nimechoka na chumvi." Nyanchera amelala na kitambaa chako cha kichwa. Ana afya, amekonda kidogo.

Shemeji, nimekosa. Nilikutoa wewe ili nibaki mimi, nikaiita hesabu. Sina cha kukulipa. Rudi nyumbani. Na nakuahidi, popote nitakapokuwa nitakuandikia yote ninayojifunza, karatasi mbili kama zamani, yako ndefu kuliko ya baba.

Shemeji yako,
Manasseh

Nyaramba
Siku hiyohiyo

Manasseh,

Okemwa amesimama kule kwenye migomba kama ulivyomwambia. Naandika haraka asije akachoka.

Umekuja, na umesema. Nashukuru, na si shukrani za mdomo tu. Habari ya jina lako kukatwa imenisikitisha. Mwalimu akikukubali tena mwakani, nenda. Una macho mazuri, ni hasara yakilala.

Nitarudi. Kesho asubuhi nitakuwa Birongo, kwa ajili ya mtoto wangu. Baba nitampikia, na chumvi nitaipima. Baba mdogo nitamwamkia kama kawaida. Sina kinyongo naye, aliuliza alichopaswa kuuliza.

Lakini kusoma nimeacha. Usiniulize mara mbili. Kila nikishika karatasi sasa, kabla sijaona neno, naona wale wazee saba wananitazama mdomo wakingoja kujua nitaongopa wapi. Nilipenda kusoma kuliko kitu chochote nilichopewa nikiwa msichana. Ulikuwa ukinitumia dunia nzima ndani ya bahasha, nami nikiipika na kuipakua, na nilikuwa nimeshiba, Manasseh, mara ya kwanza nilikuwa nimeshiba. Hilo mbuzi hawezi kulirudisha, wala wewe.

Kwa hiyo usitume karatasi mbili. Usitume hata moja. Zitakaa na gundi yake kwa Shariff. Waambie wazee watafute mtoto wa kupeleka shule awasomee.

Ukiwa na la kumwambia baba, njoo umwambie.

Bonareri